Tigers wa Hamilton: Timu Iliyoongoza Ligi Kisha Ikauzwa

Machi 1925, ndani ya treni iliyokuwa ikitoka Montreal kurudi Hamilton, wachezaji wa Hamilton Tigers, timu ya hoki ya barafu ya Kanada, walimwendea meneja wao, Percy Thompson, wakiwa na neno moja. Mechi za ligi zilikuwa zimekwisha, na wao ndio waliomaliza kileleni. Zilizobaki zilikuwa mechi za mchujo za kumpata bingwa. Wakamwambia kuwa hawatashuka uwanjani mpaka kila mmoja apewe dola 200 juu ya mshahara wake. Madai yao yakakataliwa. Siku chache baadaye rais wa ligi akawafungia wote, na mwaka haukuisha kabla ya jina la Tigers kufutika katika orodha ya timu.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba wachezaji waliiponza timu yao wenyewe: walikuwa na ubingwa mkononi, wakautupa kwa tamaa ya dola mia mbili mbili, na mji mzima ukaachwa bila timu. Sikubaliani na simulizi hiyo. Ukifuata fedha tangu siku timu hii ilipoundwa hadi siku ilipouzwa, utaona kwamba mgomo uliwapa wenye mali sababu ya kufanya jambo ambalo bei ya soko ilikuwa tayari inawasukuma kulifanya. Wachezaji walidai haki, wakashindwa, kisha wakabebeshwa na lawama ya kifo cha timu.

Kwa ambaye hajaufuatilia mchezo wenyewe, hoki ya barafu huchezwa na watu sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, wote wamevaa viatu vyenye makali chini na kuteleza kwa kasi wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Siku hizi timu huja na wachezaji 20 hivi, na mshambuliaji hukaa barafuni chini ya dakika moja kabla ya kupumzishwa. Miaka ya 1920 haikuwa hivyo. Kikosi cha Tigers kilichogoma kilikuwa cha watu kumi, na walio bora kati yao walicheza karibu dakika zote 60. Hawakuvaa kofia ngumu kichwani. Mwili wa mchezaji ndio uliokuwa mtaji wake wote, na kila mechi iliula mtaji huo.

Ligi yenyewe, NHL (National Hockey League), ilikuwa changa. Iliundwa Montreal mwishoni mwa 1917, na moja ya sababu za kuundwa kwake ilikuwa wamiliki wa timu kutaka kumwepuka mwenzao mmoja, Eddie Livingstone wa Toronto, ambaye walikuwa wamechoka kugombana naye. Livingstone hakukubali kutengwa. Kwa miaka kadhaa alihangaika kuanzisha ligi nyingine, na mji wa Hamilton, wenye watu zaidi ya 100,000 na uwanja wa barafu ya kutengenezwa kwa mitambo, ulikuwa mmoja wa miji ambayo ligi kama hiyo ingeihitaji sana. NHL ikaona ni heri iuwahi yenyewe.

Ilikuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo. Huko Quebec City kulikuwa na timu iliyoitwa Bulldogs, iliyoshinda mechi 4 tu kati ya 24 katika msimu wa 1919-20. Ilikuwa timu dhaifu yenye mchezaji mmoja wa ajabu. Joe Malone alifunga mabao 39 msimu huo, na usiku wa Januari 31, 1920, alizifumania nyavu za Toronto mara 7 katika mechi moja. Zaidi ya miaka 100 imepita na rekodi hiyo ya NHL bado haijavunjwa. Timu ikauzwa kwa dola 5,000 kwa Abso-Pure, kampuni ya kutengeneza barafu iliyomiliki uwanja wa Mtaa wa Barton mjini Hamilton. Watu wa Quebec City waliamka bila timu. Miaka mitano baadaye watu wa Hamilton wangeonja shubiri hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Timu ililetwa Hamilton kwa kuwa ligi ilihitaji kuliziba pengo kabla adui hajapita. Mapenzi ya watu wa mji yalikuja baadaye, na yalikuwa ya kweli, lakini hayakuandikwa katika mkataba wowote. Jina Tigers lenyewe liliazimwa kutoka kwa timu ya mji huo ya mpira wa Kikanada, mchezo wa jamii ya raga, iliyokuwepo tangu 1869, pamoja na rangi zake za njano na nyeusi.

Mechi ya kwanza, Desemba 22, 1920, Tigers waliwachapa Montreal Canadiens 5-0, na mji ukalipuka kwa shangwe. Mawili kati ya mabao hayo yalifungwa na Babe Dye, kijana aliyeazimwa kutoka Toronto kwa sababu ligi iliziomba timu nyingine ziisaidie Hamilton kupata wachezaji. Toronto walipoona alivyo moto wakamrudisha kwao mara moja, na akamaliza msimu akiwa kinara wa mabao akivaa jezi yao. Hivyo ndivyo Hamilton ilivyosaidiwa na wenzake.

Misimu minne iliyofuata ni ya kupita haraka, kwa kuwa yote ilifanana. Tigers waliburuza mkia mwaka hadi mwaka: ushindi 6, kisha 7, kisha 6, kisha 9, kila mara katika mechi 24. Makocha walibadilishwa, akiwemo Art Ross, ambaye baadaye angejenga jina lake Boston. Malone alipelekwa Montreal mapema 1923. Jambo moja tu la kipindi hicho linanigusa. Kipa wao, Jake Forbes, alikuwa amefika Hamilton baada ya kukaa nje msimu mzima wa 1921-22 kwa sababu hakukubaliana na Toronto juu ya malipo. Kwa hiyo, kabla ya mgomo wowote, langoni mwa Tigers alisimama mtu aliyewahi kupoteza mwaka mzima wa kazi yake kwa kukataa kupunjwa.

Mabadiliko yalianza mwaka 1923, waliposajiliwa ndugu wawili kutoka Sudbury, mji wa migodi kaskazini mwa jimbo la Ontario. Mkubwa alikuwa Wilfred Green, aliyeitwa Shorty kwa ufupi wake, na mdogo Redvers, aliyejulikana kama Red. Shorty alikuwa amepigana katika Vita Kuu ya Kwanza na kuvuta gesi ya sumu huko Ulaya, akarudi na kucheza tena. Mwingine alikuwa Billy Burch, mshambuliaji wa kati mrefu, mzaliwa wa Yonkers kando ya New York aliyekulia Kanada. Akaja na Ken Randall, beki mkongwe asiyeogopa kugongana na mtu. Msimu wa 1924-25 kocha Jimmy Gardner akavipanga vipaji hivyo vikapangika. Red Green alifunga mabao 5 katika mechi moja mapema Desemba. Burch alifunga 20 msimu mzima na kutunukiwa Tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi. Timu iliyozoea mkia ilimaliza kileleni kwa ushindi 19, sare 1 na pointi 39, moja tu mbele ya Toronto.

Kwa utaratibu wa mwaka ule, kinara wa ligi alisubiri. Wa pili na wa tatu, yaani Toronto na Canadiens, walikutana kwanza, na mshindi wao ndiye ambaye angekabiliana na Hamilton kugombea ubingwa wa NHL na tiketi ya kuwania Kombe la Stanley, kombe kuu la hoki, dhidi ya bingwa wa ligi ya magharibi. Wachezaji waliokuwa ndani ya ile treni walikuwa wakirudi nyumbani kupumzika na kumngoja mpinzani.

Sasa tuzitazame hesabu, maana ndizo zilizoleta ugomvi. Msimu wa 1923-24 kila timu ilicheza mechi 24. Kisha Boston Bruins na Montreal Maroons wakaingia, kila moja ikilipa ada ya dola 15,000, na idadi ya mechi ikapandishwa hadi 30. Kwa mwenye uwanja, hizo ni mechi 3 zaidi za nyumbani, yaani siku 3 zaidi za kukata tiketi, na bado mapato ya mchujo hayajahesabiwa. Kwa mchezaji ni mechi 6 zaidi za kugongwa, kuanguka na kushonwa nyuzi, bila senti moja ya nyongeza. Kazi ilipanda kwa robo nzima na mshahara ukabaki pale pale.

Shorty Green, ambaye ndiye alikuwa nahodha na msemaji wao, alilipwa dola 3,000 kwa msimu. Gawanya kwa mechi 24, unapata dola 125 kwa mechi. Mechi 6 za ziada kwa kiwango hicho ni dola 750. Yeye na wenzake waliomba 200, ambazo hazifiki hata malipo ya mechi mbili. Hawa ndio watu walioambiwa wana tamaa.

Uongozi ulikuwa na hoja yake, na si haki kuificha. Mikataba, walisema, ilikuwa ya muda: kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31, na mchezaji ni wa timu katika siku zote hizo, zikichezwa mechi 10 au 40. Wachezaji wakajibu kwamba waliposaini walijua msimu ni wa mechi 24, na bei waliyokubali ilikuwa bei ya kazi hiyo. Kisheria, pengine mwenye timu angeshinda. Lakini mkataba unaompa upande mmoja uhuru wa kuongeza kazi kadiri apendavyo na kumnyima wa pili hata nafasi ya kuuliza, mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anaujua ulivyo. Tena wachezaji hawakuwa na pa kwenda. Timu ilimiliki haki ya huduma zao, na timu nyingine za NHL zisingemgusa aliyekataa masharti ya mwenzao.

Yafaa pia kukumbuka Hamilton ni mji wa namna gani. Ni mji wa viwanda vya chuma, viwanda vilivyolisha sehemu kubwa ya Kanada. Mei 15, 1872, wafanyakazi zaidi ya elfu moja waliandamana katika mitaa yake wakidai siku ya kazi ya saa 9, na vuguvugu hilo lilisambaa hadi Toronto na Montreal na kuingia katika historia ya vyama vya wafanyakazi vya nchi ile. Mashabiki waliojaa uwanja wa Barton walikuwa watoto na wajukuu wa watu wa namna hiyo. Swali la nani alipe kazi inapoongezwa lilikuwa limeshaulizwa mjini humo miaka zaidi ya 50 kabla ya Shorty Green kuliuliza.

Rais wa NHL alikuwa Frank Calder, Mwingereza aliyewahi kuwa mwalimu na mwandishi wa michezo. Alikutana na Green na Burch, akawataka wacheze. Wakakataa. Calder alikuwa na njia ya kati: angeweza kuagiza mechi zichezwe huku fedha zinazobishaniwa zikiwekwa kando, au kuzichangisha kutoka mapato ya mchujo, ambayo yangezizidi kwa mbali. Wachezaji kumi kwa dola 200 ni dola 2,000 tu. Hakufuata njia hiyo. Katikati ya Machi aliwafungia wachezaji wote, akawatoza faini, na kila mmoja faini yake ikawa dola 200, kiasi kile kile walichodai. Canadiens, waliokuwa wameitoa Toronto kwa jumla ya mabao 5-2, wakatangazwa mabingwa wa NHL bila kucheza na timu iliyoongoza ligi. Wakasafiri hadi pwani ya magharibi wakafungwa na Victoria Cougars mechi 3 kwa 1. Tangu hapo hakuna timu ya nje ya NHL iliyowahi kulitwaa Kombe la Stanley.

Kilichomtisha Calder si dola 2,000. Wenye fedha wa Marekani walikuwa wanaanza kujenga viwanja vikubwa, na alitaka kuwahakikishia kwamba mechi iliyopangwa itachezwa hata wachezaji wakinuna. Mgomo wa Hamilton ulimpa nafasi ya kuuonyesha msimamo huo hadharani. Kwa mtazamo wa mwenye ligi, alifanya kazi yake vizuri. Sina ugomvi na ukweli huo. Ugomvi wangu ni na wanaouita uamuzi huo ulinzi wa mji wa Hamilton au wa mashabiki wake, kwa sababu hao ndio walioumia kuliko wote.

Tuje kwenye mauzo. Miezi kadhaa baadaye mikataba ya wachezaji wa Tigers ilinunuliwa kwa dola 75,000. Mnunuzi alikuwa Bill Dwyer wa New York, tajiri wa magendo ya pombe katika miaka ambayo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani nzima. Timu mpya ikaitwa New York Americans na kuhamia Madison Square Garden mpya, ukumbi ambao ungeweza kumeza uwanja wa Barton zaidi ya mara tatu. Kumbuka Abso-Pure walitoa dola 5,000 mwaka 1920. Miaka mitano baadaye wamiliki walipokea mara kumi na tano ya bei hiyo.

Hapa ndipo ile simulizi ya mgomo ulioua timu inaponishinda kuiamini. Haki ya kuweka timu New York ilikuwa imeshawekewa nafasi na mfanyabiashara wa Montreal, Tom Duggan, kabla ya treni ya Machi. Ukumbi wa Garden ulikuwa umeshaanza kujengwa. Kilichokosekana ni wachezaji, na wachezaji bora wa ligi walikuwa katika mji mdogo wenye uwanja mdogo, tena wamefungiwa. Tuseme wangecheza mchujo, wakatwaa ubingwa na kuomba radhi kwa kuthubutu kuuliza: je, mmiliki angezikataa dola 75,000? Sioni kwa nini angezikataa. Timu yenye ubingwa ingekuwa na bei kubwa zaidi.

Na ligi hiyo hiyo iliyohubiri utakatifu wa mkataba mbele ya wachezaji ilimpokea Dwyer kama mmiliki bila kusita, ingawa chanzo cha utajiri wake hakikuwa siri mjini New York. Baadaye alitiwa hatiani na kufungwa. Mtu aliyevuta gesi vitani na kuomba nyongeza ya dola 200 aliandikiwa adhabu, na mfanya magendo akafunguliwa mlango wa mbele. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya Shorty Green na wenzake ni angalau kuondolewa lawama hiyo.

Wapo watakaosema wachezaji hawakuonewa, kwani New York waliishi vizuri zaidi. Ni kweli kwa sehemu. Baada ya kulipa faini na kuandika barua za kuomba radhi, walirudishwa ligini, na mishahara ikapanda. Ya Shorty Green ilifika dola 5,000. Burch alipewa mkataba wa miaka mitatu wa dola 25,000 na kutangazwa mabango kwa mabango. Desemba 15, 1925, Shorty ndiye aliyefunga bao la kwanza la hoki katika historia ya ukumbi ule mpya. Lakini nyongeza hizo zinathibitisha madai yao badala ya kuyapinga. Watu wale wale, kwa kazi ile ile, walionekana kustahili zaidi mara tu walipofika mahali penye viti vingi vya kuuza. Thamani walikuwa nayo tangu Hamilton.

Na neema yenyewe haikudumu. Mwaka 1927 Shorty aligongwa vibaya katika mechi dhidi ya Rangers, timu ya pili ya New York, figo ikahama mahali pake, na huo ukawa mwisho wake wa kucheza. Alikuwa na miaka 30. Mechi za msimu zilikuwa zimefikia 44 wakati huo, baada ya kupandishwa hadi 36 mara tu Tigers walipotoka. Jibu la ligi kwa wachezaji waliolalamikia mechi 30 lilikuwa kuziongeza.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa Tigers hawalisemi sana, na mimi naliona ndilo kiini cha kushindwa kwao. Mechi 30 hazikuwa za Hamilton peke yake. Wachezaji wa Toronto walizicheza, wa Canadiens walizicheza, wa Ottawa na Boston pia. Wote walikuwa na madai yale yale. Lakini siku chache baada ya kauli ya Tigers, Toronto na Canadiens waliingia uwanjani na kucheza mchujo wao. Laiti wangekaa pamoja siku mbili tu, Calder asingekuwa na mtu wa kumtangaza bingwa. Mgomo uliishia mlangoni mwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na kamba ikakatikia pembamba. Siwalaumu sana wale wengine. Hawakuwa na chama, hawakuwa na simu ya kupigiana kila saa, na kila mmoja alikuwa na familia. Ila bila kuliona hilo hatuwezi kueleza kwa nini watu waliokuwa na hoja nzuri namna ile walipotea haraka hivyo.

Wachezaji waliofuata walilisoma somo hilo polepole mno. Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit, mmoja wa mawinga bora wa zama zake, alijaribu kuunda chama cha wachezaji kwa kuzunguka timu hadi timu. Akauzwa kwa Chicago, timu dhaifu wakati huo, na chama kikasambaratishwa. Chama kilichodumu kikaja 1967 chini ya wakili Alan Eagleson, ambaye miaka mingi baadaye alikiri mahakamani kuwaibia na kuwadanganya watu aliopaswa kuwatetea, akafungwa. Mgomo wa kwanza wa wachezaji wa ligi nzima ulifanyika Aprili 1992, miaka 67 baada ya Hamilton. Ulichukua siku 10. Safari hii waligoma wote, na hakuna timu iliyouzwa wala nahodha aliyeandikishwa barua ya radhi.

New York Americans hawakupata mafanikio makubwa. Mwenye Garden alipoona hoki inauza tiketi, aliunda timu yake mwenyewe, Rangers, mwaka 1926, na Rangers wakabeba Kombe la Stanley 1928. Americans waligeuka mpangaji katika nyumba ya mpinzani wao. Fedha za Dwyer zilikauka, ligi ikaichukua timu mikononi mwake, na mwaka 1942 ikafungwa. NHL haihesabu Tigers na Americans kuwa timu moja. Katika vitabu vyake Hamilton ilianza 1920 ikakoma 1925, na wachezaji waliovuka kwenda New York wanahesabiwa kuwa walijiunga na timu mpya.

Hamilton yenyewe haijawahi kupata tena timu ya NHL, na si kwa kutojaribu. Mwaka 1985 mji ulifungua Copps Coliseum, uwanja wa watu zaidi ya 17,000, ukiwa na tumaini hilo. Mwaka 1990 ligi ilipotaka kuongeza timu, ombi la Hamilton liliongozwa na Ron Joyce wa Tim Hortons, kampuni ya kahawa na maandazi iliyofungua duka lake la kwanza mjini humo 1964. Msomaji wa Nairobi huenda analijua jina hilo kwa sababu nyingine: ni kampuni hiyo iliyowasafirisha Kenya Ice Lions hadi Toronto mwaka 2018 wakacheze hoki huko pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Pamoja na fedha za Joyce, nafasi zilikwenda Ottawa na Tampa Bay. Hamilton imekaa katikati ya Toronto na Buffalo, na timu za miji hiyo haziwezi kufurahia mgeni katika eneo lao.

Akaja Jim Balsillie, mmoja wa wakuu wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry. Alijaribu kununua Pittsburgh Penguins 2006, kisha Nashville Predators 2007, na mwaka 2009 Phoenix Coyotes waliokuwa wamefilisika, akiwa na nia ya wazi ya kuwahamishia Hamilton. Mwisho ofa yake ilifika dola milioni 242.5. Ligi ikapinga mahakamani, ikisema yenyewe ndiyo yenye haki ya kuamua nani awe mwanachama na timu ikae wapi. Jaji akakataa ofa ya Balsillie, na NHL ikawanunua Coyotes yenyewe. Kanuni iliyotetewa ni ile ile iliyoitoa timu Quebec City 1920 na kuitoa tena Hamilton 1925. Ingekuwa 2009 tu, ningeweza kukubali kuwa ligi ililinda mashabiki wa Arizona wasipoteze timu yao.

Lakini Coyotes waliendelea kuyumba. Walikosa uwanja, na misimu yao miwili ya mwisho wakacheza katika ukumbi wa chuo kikuu huko Tempe wenye viti chini ya 5,000. Aprili 2024 wachezaji, makocha na watumishi wote wa mchezo walihamishiwa Salt Lake City katika mpango wa dola bilioni 1.2. Rekodi na jina vikabaki Arizona, timu ya Utah ikaandikwa kuwa mpya kabisa, kama Americans walivyoandikwa 1925. Mashabiki wa Arizona walizipata habari hizo msimu ukiwa unamalizika, na mechi ya mwisho ilipochezwa Tempe uamuzi ulikuwa umeshafanywa bila wao kuulizwa.